Mbolea ya asili kwa majani ya viungo ya ndani: mwongozo wa mkaaji wa Goma

Nyumba tunayokaa imejengwa juu ya lava ya 2002, ile iliyoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari, ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Uani kwetu hakuna udongo. Kuna jiwe jeusi, na ukilipiga jembe, linaloumia ni jembe. Ndiyo maana seleri yangu, persili, rehani, nanaa na vitunguu vya majani vinaishi ndani, juu ya mbao mbili nilizozipigilia chini ya dirisha, kwenye bidoni (madumu ya plastiki) za mafuta ya kula zilizokatwa.

Miaka miwili ya kwanza niliua mimea kwa mbolea, tena mbolea nzuri, ya asili, ya bure. Nilikuwa namimina kinyesi cha kuku kibichi, majivu ya mbabula (jiko la makaa) na maji niliyooshea sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, vyote kwenye kopo la lita tano, nikiamini kwamba kinachofaa shambani kinafaa na dirishani. Shambani mvua inasafisha, minyoo inachimba, na mzizi ukiungua upande mmoja unakimbilia upande mwingine. Kwenye kopo mzizi hauna pa kukimbilia. Kwa hiyo katika mwongozo huu utaona nikirudia jambo moja mara kwa mara: chochote kinachooza kioze kwanza nje ya kopo. Kikiingia ndani kiwe kimekwisha kuwa udongo, au kiwe maji mepesi yenye rangi ya chai.

Kabla ya kulisha, ujue njaa iko wapi

Ushauri mwingi unaotembea kwenye simu zetu umeandikwa kwa udongo wa nchi nyingine. Unaambiwa: maganda ya ndizi, maganda ya mayai, majivu. Angalia tulivyo sisi. Lava ya Nyiragongo ina potasi nyingi, ina kalisi, ina fosforasi. Ndiyo maana mashamba ya zamani ya kuzunguka milima yetu yanazaa hivyo. Jiwe la lava, hata liwe tajiri kiasi gani, karibu halina nitrojeni. Nitrojeni inatoka kwenye vitu vilivyowahi kuishi: majani, samadi, mabaki ya jikoni. Na mmea unaoulimia majani, kama persili au seleri, chakula chake kikuu ni nitrojeni.

Halafu kuna maji. Bomba la Goma linavuta maji ya Ziwa Kivu, na maji ya ziwa hili yana ualkali: juu ya uso pH yake, yaani kipimo cha uchachu na ualkali, iko karibu na 9, na yana chumvichumvi za madini zilizoyeyuka. Sisi tumeyazoea. Lakini ukimwagilia kopo moja kwa maji hayo miezi sita mfululizo, zile chumvi zinabaki humo na udongo unazidi kuelekea upande wa magadi. Ukiongeza majivu, ambayo nayo ni alkali kali, umezidisha ugonjwa uleule. Nasema hili mapema kwa kuwa majivu ndiyo mbolea ya kwanza ambayo kila mtu hapa mjini huifikiria, maana kila asubuhi yapo. Majivu yapeleke kwenye shamba la udongo mchachu kama unalo huko kijijini, au sugulia masufuria. Kwenye kopo la dirishani yasiingie.

Hatua ya 1: Chagua dirisha

Mmea hauli mbolea gizani. Ukiulisha bila mwanga unarefuka, unapauka, unalala. Goma iko kusini kidogo tu ya mstari wa ikweta, chini ya nyuzi mbili, kwa hiyo mwezi wa sita jua linapita upande wa kaskazini na mwezi wa kumi na mbili linapita kusini. Dirisha la kaskazini au la kusini litakupa jua la moja kwa moja nusu mwaka tu. La mashariki linakupa la asubuhi mwaka mzima, nalo ndilo ninalolipenda kwa sababu halichomi. La magharibi linafaa pia, ila mchana wa Julai uwe mwangalifu na kukauka.

Rehani, taimu na rozimari zinataka saa tano au sita za jua. Persili, seleri, nanaa na vitunguu vya majani vinavumilia hata saa tatu au nne. Giligilani iko katikati.

Usiweke makopo karibu na mbabula. Joto linakausha majani, na moshi wa makala (makaa) unayafunika kwa masizi ambayo mwanga haupiti. Mita mbili ni umbali mzuri. Kama chumba ni kimoja na huna jinsi, pangusa majani kwa kitambaa chenye maji kila Jumamosi. Lile vumbi jeusi la barabarani linaloingia dirishani wakati wa kiangazi liondoe vivyo hivyo.

Hatua ya 2: Kopo, kokoto na udongo

Kopo lolote linafaa mradi linatoboka. Bidoni ya mafuta ya lita 5 ukiikata shingo inatosha mche mmoja wa seleri au mitatu ya vitunguu vya majani. Kopo la maziwa ya unga linatosha taimu. Nanaa ipe bidoni yake peke yake, maana ikiwekwa na wengine inawameza. Mchaichai unataka ndoo ya lita 20, na kwa kweli ni afadhali ukae barazani.

Toboa matundu sita hadi nane chini kwa msumari uliopashwa moto, kila tundu lienee ncha ya kidole kidogo. Kama bidoni ilibeba kitu kingine kisicho mafuta ya kula, usiitumie. Bidoni ya mafuta ya gari au ya dawa, hata uioshe mara kumi, sitapanda humo kitu cha kuliwa.

Sasa kokoto. Tumefundishwa wote kuweka mawe chini ya kopo ili maji yatoke. Nilifanya hivyo kwa muda mrefu na mizizi iliendelea kuoza. Sababu ni kwamba maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye mawe makubwa. Yanasimama pale mpakani mpaka udongo ulowe kabisa. Kwa hiyo tabaka la mawe linapandisha tope juu, karibu na mizizi. Kinachosaidia ni kuchanganya kokoto ndani ya udongo wote. Hapa tuna bahati ambayo watu wa miji mingine wanailipia: lava nyepesi yenye matundu. Wamama wanaovunja mawe pembezoni mwa mji wanabaki na vipande vidogo vya ukubwa wa punje ya mahindi au ya harage. Chukua hivyo. Vioshe mpaka maji yatoke safi, kwani vumbi lake laini likibaki linaziba udongo kama sementi.

Mchanganyiko wangu ni huu: mabakuli mawili ya udongo mweusi, bakuli moja la mboji iliyoiva (tutaiozesha katika Hatua ya 3), bakuli moja la kokoto za lava. Kwa taimu na rozimari napunguza mboji iwe nusu bakuli na kokoto naziongeza ziwe mbili.

Udongo mweusi naletewa na kijana wa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, kutoka shamba la ndugu zangu upande wa Kibumba. Gunia moja linajaza bidoni nyingi kuliko unavyodhani. Usichote udongo wa mtaroni, wa karibu na gereji au wa mahali watu wanapotupa takataka. Udongo mzuri ukiushika mkononi unanuka kama ardhi baada ya mvua, na ukiubana unashikana kisha unavunjika kwa kidole.

Hatua ya 3: Ozesha chakula cha mimea

Hii ndiyo kazi yenyewe. Ukiikosea hii, hatua nyingine zote ni bure.

Tafuta ndoo mbili za lita 20 zenye vifuniko. Ya kwanza toboa matundu chini na pembeni, ya pili iache nzima. Ya kwanza inaingia ndani ya ya pili, ikiinuliwa na mawe matatu, ili maji ya uozo yadondokee chini bila kuchafua sakafu. Ikae barazani au chini ya paa la nje, mahali pasiponyeshewa.

Unaijaza kwa vitu vya aina mbili. Vya kwanza ni vikavu: maganda makavu ya maharage, majani makavu ya migomba, boksi lililochanwachanwa lisilo na rangi wala plastiki. Vya pili ni vibichi: maganda ya viazi na karoti, vijiti vya sombe (kisamvu), majani ya lengalenga (mchicha) yaliyochakaa, majani ya chai yaliyokwisha kutumika, machicha ya kahawa. Kila bakuli moja la vibichi lifunike kwa mabakuli mawili ya vikavu. Watu wengi hukosea hapa, wanaweka vibichi vitupu, na baada ya wiki ndoo inanuka na mume au mwenye nyumba anasema itolewe. Ndoo yenye vikavu vya kutosha hainuki.

Katakata kila kitu kiwe kidogo kama kucha. Kila siku nne geuza kwa mti. Ukichukua konzi moja na kuibana, litoke tone moja au mawili la maji. Likitoka bubujiko ongeza vikavu, lisipotoka kabisa nyunyiza maji.

Hewa ya Goma ni ya baridi kiasi, na ndoo ndogo haishiki joto, kwa hiyo usitegemee mboji kwa mwezi mmoja. Kwangu inachukua miezi mitatu, wakati wa mvua hata minne. Imeiva ukiona ni nyeusi, inavunjika, huwezi tena kutambua ganda la kiazi ndani yake, na haina harufu ya uchachu. Ukiwa na shaka, panda punje kumi za lengalenga kwenye kikombe cha mboji hiyo iliyochanganywa na udongo. Zikichipua zote zikiwa kijani, tumia. Zikidumaa au zikiungua ncha, rudisha ndooni mwezi mwingine.

Sasa niseme kuhusu kila kitu ambacho watu huniuliza kama kiingie.

Samadi ya sungura na ya simbilisi ndiyo bora kwetu mjini. Ni midonge mikavu, ina nitrojeni nyingi, na haina ukali wa kuunguza kama ya kuku. Familia nyingi za Kivu zinafuga simbilisi chini ya meza ya jikoni. Ukikosa wako, jirani atakushukuru ukimwondolea uchafu. Weka kiganja kimoja kwenye kila tabaka. Shambani watu huiweka moja kwa moja, lakini majani haya tunayala mabichi, kwa hiyo nayo ipite ndooni.

Ya kuku ina nguvu sana, inaunguza, na inaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Lundo kubwa la shambani linapata moto wa nyuzi 55 na zaidi, moto huo unaua vijidudu. Ndoo yetu haifiki hapo. Kwa hiyo kinachobaki ni muda. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 kati ya samadi mbichi na mavuno, kwa mazao ambayo sehemu inayoliwa inagusa udongo. Mimi nachukua siku hizo kama kipimo hata kwa samadi iliyokaa ndooni: nahesabu miezi minne tangu siku niliyoweka samadi ya mwisho. Ya ng'ombe, kama una ndugu Masisi anayekuletea, iheshimu kwa kipimo kilekile. Ya mbwa, ya paka na ya binadamu isiingie kabisa.

Titonia ni hazina tunayoipita kila siku. Ni ule mmea wa uzio wenye maua ya njano kama alizeti ndogo na majani machungu, unaoota pembeni mwa barabara na mashamba Kivu nzima. Majani yake mabichi yana nitrojeni kwa wingi na yanaoza upesi kuliko jani lolote ninalolijua. Kata matawi laini kabla hayajatoa maua, katakata, changanya ndooni kama kibichi. Usichume karibu na barabara yenye magari mengi.

Machicha ya kahawa ni mazuri na Kivu yetu ni nchi ya kahawa, ila yasizidi sehemu moja ya tano ya ndoo. Ukiyamwaga juu ya kopo moja kwa moja, kama wengi wanavyofanya, yanagandamana kuwa ngozi ngumu, maji hayapiti, na ukungu mweupe unatokea.

Maganda ya mayai hayadhuru. Ila kwenye udongo wenye ualkali kama wetu hayayeyuki, yanabaki vipande mwaka mzima. Sijisumbui nayo.

Ganda la ndizi liingie kama kibichi kingine chochote, limekatwa. Halina miujiza.

Maji ya kuoshea sambaza yana chakula kizuri, hilo ni kweli. Kwenye kopo la ndani yataleta harufu, sisimizi na paka. Yamwage ndooni, katikati, kisha funika kwa vikavu. Yasiwe na chumvi. Hivyo hivyo maji ya kuchemshia maharage: yakiwa na chumvi, yaache.

Mwisho ni vumbi la makala, lile linalobaki chini ya gunia. Watu hulichanganya na majivu, lakini ni kitu kingine. Majivu ni madini yaliyobaki baada ya kila kitu kuungua. Makala bado ni kaboni, ina matundu madogo yasiyohesabika, na matundu hayo yanashika chakula na maji kama sponji. Likiingia kwenye udongo likiwa kavu na tupu, litaanza kwa kunyonya chakula cha mmea wako. Kwa hiyo liweke ndooni tangu mwanzo, kiganja kimoja kila wiki, lishibe humo pamoja na mboji. Nilipoanza kufanya hivi, bidoni zangu zikawa zinakaa siku moja zaidi bila kumwagiliwa.

Hatua ya 4: Panda

Hapa sitachelewa. Nanaa usinunue mbegu: nunua fungu sokoni, chagua shina zuri, liweke kwenye glasi ya maji, baada ya siku kumi lina mizizi. Vitunguu vya majani na puaro (liki) vikiwa na mizizi yake, kata majani upike, shina la chini lenye mizizi urudishe kwenye udongo. Kitako cha seleri nacho huchipua. Persili na giligilani ni za mbegu. Za persili zilaze kwenye maji usiku kucha, na uwe na subira, zinaweza kukaa wiki tatu bila kuonekana.

Baada ya kupanda, usiweke mbolea yoyote kwa wiki nne. Mboji iliyomo inatosha.

Hatua ya 5: Lisha kwa maji ya mboji

Kopo likishakaa wiki nne, chakula cha mwanzo kinapungua na kila umwagiliaji unakiosha. Hapo ndipo maji ya mboji yanapoingia. Chukua kikombe kimoja cha mboji iliyoiva, kifunge kwenye kitambaa kikuukuu, kitumbukize kwenye lita 5 za maji, acha saa 24 ukikoroga kila unapopita. Maji ya bomba yenye harufu ya dawa yaache wazi usiku mmoja kabla. Kesho yake kamua kitambaa, tumia maji yote siku hiyohiyo. Mboji iliyokamuliwa irudi ndooni.

Utasikia watu wakisema uongeze sukari ili vijidudu vyema vizaliane. Usiongeze. Sukari haichagui, inalisha na vijidudu vya kuharisha, na hapa mtu atakula rehani mbichi juu ya nyanya.

Kama mimea imepauka na inataka nguvu zaidi, tengeneza maji ya titonia. Jaza theluthi ya ndoo kwa majani yaliyokatwakatwa, ongeza maji, funika, koroga kila siku mbili, wiki mbili. Haya yananuka sana, yakae nje. Yachuje, kisha kikombe kimoja ukichanganye na vikombe kumi vya maji safi. Yale yaliyodondoka chini ya ndoo ya mboji, kama umeweka samadi ndani, usiyatumie kwa viungo vinavyoliwa vibichi. Yamwage kwenye mti wa parachichi au maua.

Kwanza mwagilia kopo kwa maji ya kawaida mpaka udongo uwe na unyevu. Mbolea ya maji kwenye udongo mkavu inaunguza mizizi, hata ikiwa nyepesi. Kisha mimina taratibu pembezoni mwa kopo, juu ya udongo, usiguse majani. Bidoni ya lita 5 inataka kikombe kimoja.

Seleri, persili, nanaa na vitunguu vya majani: kila baada ya wiki mbili. Rehani na giligilani: kila wiki tatu. Taimu, rozimari na oregano: mara moja kwa miezi miwili, au usilishe kabisa. Hizi zimezoea udongo maskini. Ukizishibisha zinakua haraka lakini harufu inapungua, na harufu ndiyo unayoitafuta. Wakati wa mawingu mazito, Oktoba na Novemba, au Aprili, ukuaji unapungua, kwa hiyo ongeza wiki moja kati ya mlo na mlo.

Mara moja kwa mwezi osha udongo. Peleka kopo nje, mimina maji safi polepole mpaka yatoke chini kwa wingi, kama lita nne kwa bidoni ya lita 5, acha yachuruzike yote. Hii inaondoa zile chumvi za maji ya ziwa. Kama una maji ya mvua, yatumie kwa kazi hii, lakini acha mvua ya dakika za kwanza ioshe bati kwanza: moshi wa Nyiragongo unaifanya mvua yetu iwe na asidi siku nyingine, na juu ya bati kuna majivu ya mlima. Wiki hiyo ya kuosha ndiyo nzuri kulisha, siku mbili baadaye.

Hatua ya 6: Soma majani

Majani ya chini, ya zamani, yakigeuka njano yote sawasawa na mmea ukadumaa, ni njaa ya nitrojeni. Lisha kwa titonia mara mbili, wiki moja katikati.

Majani ya juu, machanga, yakiwa njano lakini mishipa imebaki kijani, usiongeze nitrojeni. Hapo mmea unakosa chuma, na mara nyingi chuma kimo ndani ya udongo ila ualkali umekifunga. Huu ndio ugonjwa wa Goma, nimeuona kwenye madirisha mengi, na karibu kila mara nikiuliza naambiwa kuna majivu. Osha udongo, acha majivu, ongeza viganja viwili vya mboji juu ya udongo. Jani lililokwisha kuwa njano halirudi, angalia linalofuata.

Ncha za majani zikiwa kahawia na udongo una ukoko mweupe, umelisha mno au hujaosha. Kwangua ukoko, osha kopo, usilishe mwezi mzima.

Mmea ukinyauka wakati udongo umelowa, mizizi inaoza. Utoe, kata mizizi myeusi, panda upya kwenye kokoto nyingi zaidi.

Vinzi vidogo vyeusi vikiruka ukigusa kopo, udongo wa juu una unyevu siku zote au umeweka kitu kibichi. Acha sentimita mbili za juu zikauke kabla ya kumwagilia tena, halafu funika juu kwa kokoto laini. Ndani ya wiki tatu vinakwisha kwa kuwa vinakosa pa kutagia.

Hatua ya 7: Chuma, osha, na ubadilishe udongo

Chuma mara nyingi, kidogo kidogo, usizidi theluthi moja ya mmea kwa siku. Rehani uikate juu ya jozi ya majani ili itoe matawi mawili. Persili na seleri chuma zile za nje, acha moyo. Baada ya kulisha kwa maji ya mboji au ya titonia subiri angalau wiki moja kabla ya kuchuma.

Kipindupindu hakijawahi kutuacha kabisa kwenye kingo za ziwa hili, kwa hiyo majani yanayoliwa mabichi yaoshwe kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa ya klorini, hata kama yametoka dirishani kwako na unajua kila kilichoingia kwenye kopo. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kushika ndoo ya mboji, na watoto wasiichezee.

Baada ya mwaka mmoja udongo umeshuka, umebana, umechoka. Kiangazi cha Julai ndicho wakati wangu wa kuubadilisha, kwa sababu unaweza kuanika kila kitu nje bila mvua. Mwaga kopo lote juu ya turubai. Mmea ukiwa bado na nguvu, kata theluthi ya mizizi na theluthi ya majani, uufunike kwa kitambaa chenye maji. Udongo wa zamani upitishe kwenye chekecheke: nusu yake irudi ikiwa imechanganywa na mboji mpya, nusu nyingine iingie ndooni kama tabaka kavu. Kokoto zinazobaki kwenye chekecheke zioshe, zianike juani siku mbili, uzitumie tena. Zangu za kwanza bado ninazo.